Theluji Tunayoiomba Bila ya Kuiona



Wasomaji watukufu, kila tunaposimama kumsalia maiti, miongoni mwa dua tunazomwombea ni ile iliyopokewa na Auf bin Malik (R.A.) kutoka kwa Mtume (S.A.W.), naye Imamu Muslim akaithibitisha katika Sahihi yake. Ndani yake tunamwomba Mola amwoshe ndugu yetu kwa maji, na kwa theluji, na kwa mvua ya mawe. Watoto wetu wa madrasa huihifadhi wangali wadogo. Hata hivyo, katika safu zinazosimama mbele ya jeneza kuanzia Lamu hadi Vanga, ni wachache mno waliowahi kuiona theluji kwa macho yao. Jina lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, thalj, kama tulivyolipata neno baridi. Tulipewa neno kabla ya kuonyeshwa kitu.

Nimetanguliza dua hii kwa sababu ya jambo lililoingia katika nyumba yetu, na ambalo najua limeingia katika nyumba nyingi za pwani.

Dada yangu mkubwa ana mtoto wa kiume anayeishi Minneapolis, Marekani, huu ukiwa mwaka wake wa 11. Katika mazungumzo ya simu kijana alimwambia mamake kwamba, katika majira yote ya huko, anayoyapenda zaidi ni ya baridi, yale marefu ya theluji. Dada alilia. Kwake yeye maneno yale yalikuwa na tafsiri moja tu: mwanangu harudi tena. Anayelalamikia ugeni bado ana kwao, aliniambia, anayeufurahia ameshahama. Akanitaka nimwamrishe arudi, kwa kuwa mimi ni mjomba wake na ndiye niliyemfundisha alifu na be.

Swali lake lilinikuta Ukambani, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipanda kila Julai kusomesha madrasa, majuma machache Kitui na machache Makueni. Sisi wa pwani tunakijua kipupwe kwa upepo wa kusi na bahari iliyochafuka. Kule hukijua kwa ukungu. Vilima vya Mbooni na Kilungu hufunikwa hadi jua likaribie kusimama; wanafunzi huja na masweta juu ya kanzu, na maji ya udhu wa Alfajiri huuma vidole. Huwa nawakumbusha Hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba kuutimiza udhu wakati wa taabu ni katika mambo yanayofuta madhambi na kupandisha daraja. Mtoto wa Wote anaielewa haraka kuliko mtoto wa Mombasa, kwa kuwa ushahidi anao mikononi.

Nchi hiyo ya Kitui ina habari yake na theluji. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao yake Rabai, aliuona kutokea huko mlima wenye vilele vyeupe, na jina la nchi yetu, Kenya, limetokana na namna Wakamba walivyolitamka jina la mlima huo. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mkubwa wa Kitui, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilishuka hadi pwani. Mwaka uliotangulia, tarehe 11 Mei 1848, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro, katika safari iliyoongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani kama sisi. Rebmann aliandika kwamba weupe ule wa kileleni kiongozi wake aliuita kwa neno moja tu: baridi.

Habari hizo zilipofika London, baadhi ya wataalamu wa jiografia, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walizikanusha kwa miaka mingi. Walisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Cooley hakuwa amefika huku, ilhali waliokaa chini ya milima hiyo walikuwa wakiiona kila mawingu yanapofunguka. Dada yangu hakanushi kwamba theluji ipo. Anachokanusha ni kwamba moyo wa Mwislamu waweza kutulia ndani yake. Hilo nalo linataka aulizwe aliyeko huko, kabla ya kuhukumiwa kutoka mbali.

Nilipompigia, kijana hakunificha ugumu. Majira yake ya kwanza yalimwelemea: giza, upweke, gari lisilowaka asubuhi, baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri inayofisha vidole ganzi kwa dakika chache. Kisha akanieleza kilichombadilisha. "Mjomba," alisema, "kiangazi cha huku kinaninyang'anya watoto. Baridi inanirudishia." Mwezi wa Juni jua la Minneapolis hutua baada ya saa tatu usiku, na Isha huingia karibu na saa tano, wakati watoto wameshalala. Mwishoni mwa Desemba jua hutua saa kumi na nusu, na Isha huingia yapata saa kumi na mbili jioni. Nyumba nzima huswali Magharibi na Isha pamoja, na baina ya sala mbili hizo watoto husoma juzuu zao mbele yake. Alfajiri nayo huingia baada ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo hata mdogo wao wa miaka sita huamka kwa wepesi. Usiku unapita saa 15. Miezi hiyo, alisema, ndiyo madrasa yake.

Akaniambia pia kwamba theluji ikianguka hunyamazisha mji mzima, na kwamba maziwa huganda hata watu wakaendesha magari juu yake na kutoboa mashimo ya kuvulia samaki. Jambo hilo nililisimulia kwa wavuvi wa mtaani kwetu, nao bado wananitazama kwa shaka. Na kila theluji inapokoma yeye hutoka na sepetu kusafisha njia yake, kisha ya jirani yake, bibi mzee asiye Mwislamu anayeishi peke yake. Haki ya jirani haikufungwa na majira wala dini ya jirani huyo.

Imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad, kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.), kwamba majira ya baridi ni machipuko ya muumini; na katika upokezi mwingine imetajwa sababu, kuwa mchana wake ni mfupi akaufunga, na usiku wake ni mrefu akausimamia. Wanavyuoni wameizungumzia isnadi yake, lakini maana yake ilikuwa mashuhuri kwa wema waliotangulia. Sisi wa karibu na ikweta twaisoma bila ya kuionja, kwani usiku wa Kitui wa Julai na wa Desemba hupishana kwa dakika chache tu. Kijana wetu anaionja. Tena mwaka 2030, kwa hesabu ya mwandamo, Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mfungaji wa Minneapolis atafunga takriban saa 11.

Na sharia haikumwacha mtu wa baridi bila ya nafasi. Mkazi hupangusa juu ya khofu za ngozi mchana na usiku mmoja, na msafiri siku tatu, maadamu alizivaa akiwa na tohara. Amr bin al-As (R.A.) alitayamamu katika usiku wa baridi kali akihofia nafsi yake, na Mtume (S.A.W.) alipopata habari alicheka wala hakumlaumu.

Jambo la mwisho nimejifunza kwa wakulima wa Makueni. Miezi ya ukungu, ambayo mgeni huiona imekufa, ndiyo inayouamsha mwembe: ubaridi na ukavu huuhimiza utoe maua, na embe tunazokula Desemba zilianzia hapo. Mbaazi za muda mrefu, zilizopandwa na mvua za Oktoba na Novemba, huchanua na kukomaa katika ubaridi huo huo, kisha huteremka hadi kwetu tukazila kwa nazi na mahamri. Huko kaskazini ipo ngano inayopandwa kabla ya theluji, ikalala chini yake miezi mingi. Isipopatwa na baridi haizai vizuri. Mwenyezi Mungu hakuumba baridi kuwa adhabu ya nchi fulani. Ameitia kazi yake, na anayeijua kazi hiyo huifurahia. Kuifurahia ni katika kushukuru.

Basi sikumwamrisha arudi. Dada nilimwambia: mwanao hakukuacha kwa kupenda theluji, aliyewakusanya watoto baina ya Magharibi na Isha yuko katika malezi yako, japo yuko mbali. Lakini kijana naye nilimwambia neno lake, nalo lilikuwa zito zaidi. Miaka minne imepita bila ya mamake kuuona uso wake. Mapenzi ya majira ni halali. Yakiwa pazia kati ya mtu na mzazi wake, yameingia penye haki ya mwingine. Theluji itaanguka tena mwakani. Mama wa miaka 70 na zaidi hana ahadi hiyo.

Akanyamaza kwa muda, kisha akasema atakuja Desemba hii pamoja na watoto. Ni mwezi ule ule anaoupenda kuliko yote huko, na likizo yao ni ya majuma mawili tu. Kwa siku zilizobaki za majira hayo ya baridi tumekubaliana jambo jepesi: wao wakishaswali Isha, huku Mombasa huwa saa tisa za usiku, na dada yangu huwa ameamka kwa tahajudi. Wajukuu humsomea kwa simu walichohifadhi, naye huwarekebisha.

Wanavyuoni wamesema kwamba madhambi yana joto, na ndiyo maana tukafundishwa kuomba kuoshwa kwa vitu vya baridi. Tunaposoma dua ile katika jeneza lijalo, tuwakumbuke na wanetu walioko kwenye theluji yenyewe. Mola awahifadhie dini yao, azijaze nyusiku zao ndefu Qur'ani, na awakutanishe na wazazi wao wakingali hai. Amin.

Wabillahi tawfiq.