Kabla Seli Hazijaisha
Kaka yangu alianza kushindwa kuona usiku tungali shuleni; leo anautazama ulimwengu kama achunguliaye kwenye tundu la ufunguo. Retina zake zinakufa polepole kwa maradhi ya kurithi. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba ya jeni ya kwanza kwa upofu wa namna hii. Nilifurahi, kisha nikasoma zaidi: inawafaa tu wenye hitilafu katika jeni ya RPE65 ambao seli za retina zao zingali hai, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Kaka hajawahi kupimwa vinasaba; hatujui hata jeni ipi ina kasoro. Kwa watunga sera sidai muujiza. Nadai kipimo hicho kigharimiwe na bima ya afya, kabla seli hazijaisha.