Wasifu wa Nusu Ukurasa

Huenda hujawahi kuipita barabara itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda. Ni kilometa 92 hivi za lami, zenye msitu, miteremko, na malori usiku na mchana. Yanatoka Dar es Salaam na mafuta na makontena yakielekea Kigali. Mengine hukata kona kwenda Kabanga hadi Burundi. Wazee wetu huhesabu miaka kwa yaliyopita juu ya barabara hiyo. Watakuambia habari za mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walipovuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Sisi vijana twahesabu kwa misiba.

Msiba ninaousimulia ni wa kijana wa miaka 23, dereva wa bodaboda, niliyesoma naye darasa moja hadi kidato cha nne. Jina lake silitaji. Mama yake hakupenda litembee magazetini. Usiku wa mvua alikuwa akirudi kutoka Benaco. Lori lilikuwa limeharibika, limesimama kwenye mteremko bila taa. Utingo alikuwa ameweka matawi ya miti barabarani, kama ilivyo desturi yao, lakini tawi bichi usiku wa mvua nani ataliona? Basi, ndiyo hivyo.

Kesho yake hakuna aliyechukua jembe. Akina mama walikuja na ndizi, maharage na kuni kichwani. Wanaume wakawasha moto uani. Bodaboda wenzake walifika kwa msururu, wamefunga matawi mbele ya pikipiki, wakipiga honi mfululizo. Mimi honi zile zilinikera, nasema kweli. Na matawi tena! Lakini mama mfiwa alisema waacheni, hao ndio ndugu zake.

Mwenyekiti wa kitongoji akaniita kando. "Wewe si unajiita mwandishi? Tuandikie wasifu wa marehemu."

Jamani, riwaya yangu ina kurasa 112 na bado haijaisha, lakini kazi ile ilinitoa jasho. Wasifu wa mzee hujiandika wenyewe: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, vyeo, ugonjwa uliomsumbua muda mrefu, ameacha mjane, watoto kadhaa, wajukuu kadhaa. Wa kijana je? Alizaliwa, akasoma, akaendesha pikipiki ya mtu. Hakuoa. Hakuugua. Nusu ukurasa, umeisha. Ningeweza kujazia "alikuwa mcheshi, mpenda watu", maneno ambayo husemwa kwa kila marehemu, hata walevi wagomvi. Sikutaka.

Nikaingia ndani, nikachuchumaa kando ya mkeka. "Mama, niandike nini?"

Alikaa kimya, nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Andika mabati, mwanangu."

Nyuma ya nyumba yao ya nyasi yalikuwepo mabati, yameegemezwa ukutani na kufunikwa turubai. Alikuwa akiyanunua mawili mawili, kila alipobakiwa na chochote baada ya kumpelekea mwenye pikipiki hesabu ya wiki. Nikayahesabu: 14.

Wazee walipousikia wasifu walikunja nyuso. Mmoja akasema mabati ni mali, na mali haisomwi kaburini. Watu watadhani tunagombea urithi. Nikamjibu kwa adabu, "Babu, ukiyatoa hayo, kijana huyu atakuwa hakufanya jambo." Alinitazama sana. Mwenyekiti akakata shauri: usomwe kama ulivyo.

Kaburi lilikuwa migombani. Katekista akasoma. Alipofika "alikwisha kununua mabati kumi na manne kwa ajili ya nyumba ya mama yake", sauti ikatoka kati ya bodaboda.

"Kumi na sita! Mawili yako kwangu. Tuliyanunua Jumamosi, mvua ikatuzuia kuyaleta."

Watu wote wakageuka. Mama akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Katekista, karatasi mkononi, akawa anaangaza macho huku na huku, hajui aendelee au asubiri. Ndipo yule mzee aliyepinga akamnyang'anya ile karatasi, akaniletea.

"Kalamu unayo? Sahihisha. Halafu asome upya."

Nikapiga goti, nikaandikia juu ya paja.