Tulitibiwa Shingo ya Kizazi, na Tukazaa
Sisi tuliopakwa siki kwenye shingo ya kizazi, likaonekana baka jeupe, twalijua swali linalokukosesha usingizi: nitazaa kweli? Mara nyingi baka hilo si saratani. Ni seli zilizoanza kubadilika, hutibiwa zisifike huko. Wengi wetu tuliogandishwa au kukatwa kinyama kidogo tumeshika mimba na kujifungua salama, alhamdulillah. Ila ukikatwa kipande kikubwa, hatari ya kujifungua kabla ya miezi kutimia huongezeka. Basi siku ya kwanza ya kliniki mwambie mkunga, hata mkwe akiwa ubavuni. Si aibu, ni amana ya mtoto. Allah atujaalie vizazi vyema, amin.