Mikelenge na Mpira wa Pete

Leo twawaalika mfike pamoja nasi Mikelenge, sehemu mojawapo ya mji wa Kindu, katika jimbo la Maniema nchini Kongo. Mji huo una sehemu tatu, nao mto Lualaba wapita kati yake. Mikelenge na Kasuku ziko ukingo wa magharibi, Alunguli iko ukingo wa mashariki, na watu huvuka kwa mitumbwi. Reli itokayo kusini yakomea Kindu. Atakaye kuendelea kaskazini aweza kuufuata mto hadi Ubundu. Basi hapa ni mahali pa kushusha na kupakia, na mahali pa namna hii hupokea mambo mengi kutoka mbali.

Kubwa katika hayo ni lugha yetu hii. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya Zanzibar na pwani, iliyoweka vituo vyake Nyangwe na Kasongo, kusini ya Kindu. Misafara ile ilitafuta pembe za ndovu na watumwa, na maovu yake hayafai kusahauliwa. Lakini lugha ilibaki, wenyeji wakaifanya yao. Leo msichana wa Mikelenge akikutana na msichana wa Kigoma watasikilizana, ingawa kila mmoja atatabasamu kwa matamshi ya mwenzake.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikufuata njia ya lugha, nalo ni mpira wa pete, ambao wengi huuita netiboli. Msichana wa Kigoma aujua tangu shule ya msingi. Katika Kongo, shule za Wabelgiji hazikuuleta.

Yafaa tueleze mchezo wenyewe. Kila upande una wachezaji saba, na kila mmoja huvaa herufi zinazoonyesha kazi yake na sehemu ya uwanja anayoruhusiwa kukanyaga. Pete ya kufungia yasimama juu ya mlingoti wa mita 3.05, pasipo ubao nyuma yake. Mchezaji hakimbii na mpira wala haudundishi akienda. Aushike kwa sekunde tatu tu, kisha ampe mwenzake. Kwa hiyo hakuna awezaye kushinda peke yake.

Asili yake ni mpira wa kikapu, ulioanzishwa Marekani mwaka 1891. Ulipofika Uingereza, walimu wa vyuo vya wasichana waliubadili, na kutoka huko shule za Kiingereza ziliueneza katika makoloni. Mashindano ya kwanza ya mataifa yote yalifanyika Eastbourne, Uingereza, mwaka 1963. Timu zilikuwa 11, na Australia ilishinda New Zealand kwa 37 kwa 36.

Afrika ilingoja miaka 60 kabla ya kuwa mwenyeji. Kombe la Dunia lilichezwa Cape Town tangu tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023. Timu zilikuwa 16, nne kati yake za Afrika: Afrika Kusini, Malawi, Uganda na Zimbabwe. Australia ilitwaa kombe kwa kuishinda Uingereza 61 kwa 45. Tulipoisoma orodha ya timu zile, hatukuona hata nchi moja ya Afrika iliyotawaliwa na Wafaransa au Wabelgiji.

Ajabu zaidi ni kwamba siku zile zile, tangu 28 Julai hadi 6 Agosti 2023, Kinshasa ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya nchi zitumiazo Kifaransa. Mpira wa kikapu wa wanawake ulikuwamo, netiboli haikuwamo. Afrika moja, siku moja, wasichana wakirusha mpira kwenye pete zenye kimo kimoja. Lakini hawa hawakukutana na wale, kwa sababu babu zao walifundishwa na walimu wa lugha mbili mbalimbali.

Mtu asidhani kwamba mabinti wa Kongo ni wanyonge. Mwaka 1996, nchi ilipoitwa Zaire, timu yao ya mpira wa kikapu ilicheza katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta. Mmoja wao, Mwadi Mabika, alikuja kuwa bingwa wa Marekani pamoja na Los Angeles Sparks, mwaka 2001 na 2002. Nguvu ipo, na shabaha ipo.

Mtazameni sasa Peace Proscovia, mzaliwa wa wilaya ya Arua, Uganda, inayopakana na Kongo. Alikuwa nahodha wa timu ya taifa, akaitwa Uingereza kuichezea Loughborough Lightning. Uganda yenyewe ilikuwa ya nane katika Kombe la Dunia la mwaka 2015, ya saba mwaka 2019, na ya tano mwaka 2023. Angalizaliwa ng'ambo ya pili ya mpaka, kipaji kingalikuwa kile kile, ila mlango huo asingaliuona.

Hilo ndilo twapenda wazazi na walimu walifikiri. Mara nyingi twasema, "Binti huyu hana kipaji," kumbe mchezo wake haujamfikia. Mpira wa pete hauhitaji mali nyingi: uwanja tambarare wa mita 30.5 kwa 15.25, milingoti miwili, mpira mmoja, na mwalimu ajuaye sheria. Na mwalimu huyo, akitoka Kigoma au Mwanza, hatahitaji mkalimani Mikelenge. Lugha ilikwisha kuvuka mto zamani; na mpira nao uvushwe.