Soksi ya Mbegu za Pamba Uwanjani mwa Msikiti



Ndugu wasomaji, tangazo lile niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, hivyo naona ni wajibu wangu kueleza yaliyofuata. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti hapa Bariadi. Mwaka jana, msimu wa pamba ulipokwisha, baadhi ya wazee wetu walilalamika kwamba watoto wa madrasa wameufanya uwanja wa msikiti kuwa mahali pa kupigia danadana kila baada ya swala ya Alasiri. Kamati ikaamua wakatazwe. Nikaandika mistari mitatu, nikagonga muhuri, nikabandika mlangoni.

Watoto wenyewe hawakuwa hata na mpira. Walikuwa na soksi kuukuu iliyojazwa mbegu za pamba na kushonwa mdomo, ukubwa wake haukuzidi ngumi. Walisimama duara wakiipiga kwa ubavu wa mguu, kwa goti na kwa kisigino, isianguke chini, huku wakihesabu kwa sauti.

Haukupita mwezi, ustadhi akaniletea daftari la mahudhurio. Theluthi ya wanafunzi hawakuonekana, na miongoni mwao alikuwamo mpwa wangu. Nilimkuta jioni moja nyuma ya maghala, yeye na wenzake katikati, vijana wakubwa wamewazunguka na noti mikononi. Nilipomshika mkono alisema: "Mjomba, msikitini tulikuwa tunacheza bure. Huku wakubwa wanatuwekea pesa."

Usiku ule sikupata usingizi. Tulikimbia kelele, tukawakabidhi watoto wetu kwa kamari, ambayo Allah (SW) ameiharamisha waziwazi.

Nikaanza kusoma habari za mchezo huu. Mwaka 1972, katika mji wa Oregon City nchini Marekani, John Stalberger alikuwa akiuguza goti. Akakutana na Mike Marshall, ambaye alikuwa akipiga kwa mguu kifuko kidogo alichokishona mwenyewe. Kifuko kile kikawa mazoezi ya goti la Stalberger. Marshall alifariki mwaka 1975 akiwa bado kijana. Mwenzake akaendelea, na mwaka 1983 kampuni ya Wham-O ikanunua haki za kifuko hicho, kilichokuwa kikiuzwa kwa jina la Hacky Sack. Hapo mwanzo watu walisimama duara tu na kupasiana, kama watoto wetu. Baadaye kila kipigo kikapewa jina, vipigo vikapangwa kwa ugumu wake, na mchezaji akawa anaviunganisha mfululizo mbele ya waamuzi. Leo ni mchezo wenye mashindano ya dunia. Hapa nchini kwetu pia, Hadhara Charles alijulikana mbali kwa danadana alizopiga mitaani akiwa amevaa sketi ndefu.

Nilipoyatafakari hayo niliona kwamba kilichoukuza mchezo ni watu kukubaliana juu ya utaratibu, kwani kifuko chenyewe hakikuwa na thamani kubwa. Watoto wetu nao walikwisha anza: wanahesabu, na kila mtindo wana jina lake. Walichokosa ni mtu mzima wa kuwawekea mipaka.

Katika kikao kilichofuata nilisimama nikakiri kosa langu. Nikawakumbusha wazee hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume (SAW) akamwacha Bi Aisha (RA) atazame mpaka atosheke. Mzee mmoja akauliza: "Katibu, na kelele je?" Swali lake lilikuwa la haki. Tukajadiliana mpaka adhana ya Magharibi ilipokaribia.

Tuliafikiana hivi: watacheza upande wa nyuma, mbali na wanaosoma Qur'ani, wataanza wakishamaliza darasa na kuacha robo saa kabla ya adhana ili watawadhe, mavazi yatasitiri, na pesa haitawekwa, hata shilingi. Wasichana nao wana siku zao, chini ya uangalizi wa mwalimu wao. Nikalibandua tangazo langu mwenyewe.

Alhamdulillah, wengi wamerejea, na mpwa wangu sasa ndiye mwenye kutunza ile soksi. Lakini wawili hawajarudi hadi leo. Nimekwenda kwao mara tatu. Wameshaonja pesa, na mlango tulioufunga kwa siku moja unatuchukua miezi kuufungua.

Ndugu mzazi, mwanao akikuomba nafasi ya kucheza, kabla ya kukataa jiulize atakwenda kucheza wapi, na nani atakuwa amemzunguka. Tunamuomba Allah atuhifadhie vizazi vyetu, na atusamehe sisi tuliopewa amana ya kuwalea. Amin.