Barua kutoka Uingereza: Majina ya Tabia na Hukumu Zilizomo

London, Uingereza



Mswahili anayehamia Uingereza hugundua, na mara nyingi baada ya miaka kadhaa wala si katika majuma ya mwanzo, kwamba Kiingereza alichokuja nacho kutoka shule za Tanzania au Kenya kinamtosha kununua, kusafiri, kuuliza na kujibu, lakini kinampungukia pale anapotakiwa kueleza mtu fulani ni wa namna gani. Hitaji hilo halikwepeki, kwa kuwa tangazo la kazi huambatana na orodha ya sifa za mwombaji, mwajiri mpya huomba barua ya mdhamini, msimamizi huandika tathmini ya mtumishi wake, na shule huwapelekea wazazi ripoti inayoeleza mwenendo wa mtoto sambamba na maendeleo yake ya masomo. Barua hii inahusu msamiati huo, chimbuko lake, na hasa hukumu iliyomo ndani ya maneno yenyewe, ambayo ndiyo humtatiza mgeni kuliko maana ya kamusi.

Wingi wa maneno hayo umewahi kuhesabiwa. Mwaka 1884 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliipekua kamusi ya visawe ya Roget, akakadiria kwamba maneno ya Kiingereza yanayotaja tabia yalifika 1,000. Na mwaka 1936 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Henry Odbert, walipitia kamusi kubwa ya Webster wakaorodhesha maneno 17,953. Maneno hayo waliyagawa katika mafungu manne: ya hulka, yaani tabia iliyojengeka ndani ya mtu na kudumu, ya hali za kupita kama hasira ya siku moja, ya hukumu ambazo jamii humpa mtu, na ya mchanganyiko usioingia katika mafungu hayo matatu. La kuzingatiwa ni kwamba fungu la hukumu, lenye maneno 5,226, lilikuwa kubwa kuliko yote na lililizidi hata lile la hulka, lililokuwa na maneno 4,504. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya msamiati huu inamweleza mtazamaji sawasawa na inavyomweleza mtazamwa.

Mswahili anayekutana na maneno marefu ya fungu hili hudhani kwamba yametoka katika fikra asizozijua, ilhali mengi yao ni picha za mwili na moyo zilezile anazozitumia katika lugha yake, isipokuwa kwamba zimefunikwa na Kilatini. Neno "candid", linalomsifu mtu asemaye kweli bila kificho, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe, kwa hiyo linakaribiana sana na moyo mweupe wa Waswahili. Neno "supercilious" limetokana na nyusi na humtaja mwenye kiburi anayewatazama wenzake huku amezipandisha, kama vile Mswahili asemavyo kwamba fulani anapandisha mabega. Maneno "magnanimous" na "pusillanimous" yamejengwa juu ya neno moja la nafsi: la kwanza ni nafsi kubwa, yaani ya mtu anayesamehe hata anapokuwa na uwezo wa kulipiza, na la pili ni nafsi ndogo, yaani ya mwoga asiyethubutu. Hata "gregarious", ambalo humhusu mtu apendaye kukaa na watu, asili yake ni kundi la mifugo.

Maneno mengine yamebaki kama masalia ya elimu iliyokwisha kuachwa. Matabibu wa kale waliofuata mafundisho ya Hippocrates na Galen waliamini kwamba tabia hutegemea uwiano wa majimaji manne ya mwili, na kutokana na imani hiyo Kiingereza kimerithi "sanguine" ya damu kwa mtu mwenye matumaini, "phlegmatic" ya kohozi kwa mtulivu asiyebabaika, "choleric" ya nyongo kwa mwepesi wa hasira, na "melancholic" ya nyongo nyeusi kwa mwenye huzuni. Mswahili asemaye kwamba fulani amemtumbukia nyongo mwenzake, yaani amekuwa mtu wa kuchukiwa naye, hayuko mbali na fikra hiyo. Wanajimu nao waliacha "jovial" ya sayari ya Mshtarii kwa mtu mchangamfu, "saturnine" ya Zohali kwa mtu mzito na mwenye uso wa kununa, na "mercurial" ya Utaridi kwa mtu geugeu. Tofauti iliyopo ni kwamba picha ya Kiswahili bado iko wazi kwa kila msemaji, wakati ya Kiingereza imezikwa, na Mwingereza wa kawaida hutamka maneno hayo pasipo kuziona nyusi wala nyota.

Hata hivyo, kuijua asili ya neno hakutoshi, kwa sababu hukumu iliyomo hubadilika kadiri jamii inavyobadilika. Neno "obsequious" liliwahi kumsifu mtu mtiifu, lakini leo ni tusi la adabu kwa anayejipendekeza kwa wakubwa. Katika suala la fedha, mtu mmoja aweza kuitwa "thrifty", ambayo ni sifa ya mwekevu anayetumia mali yake kwa busara. Aweza kuitwa "parsimonious", ambayo inaashiria kwamba uwekevu wake umepita kiasi. Au aweza kuitwa "miserly", na hapo amekwisha kuwa mkono wa birika, ndugu wa Scrooge, yule bahili aliyebuniwa na Charles Dickens mwaka 1843 na ambaye jina lake limegeuka kuwa neno la kawaida. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliidhihirisha hila hii katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1948, alipoonyesha kwamba tabia ileile ya kutoyumba huitwa uthabiti msemaji anapojitaja mwenyewe, ukaidi anapomtaja aliye mbele yake, na upumbavu wa kichwa kigumu anapomtaja asiyekuwapo. Waswahili walilifupisha jambo hilo kwa maneno matatu: nyani haoni kundule.

Mahali ambapo mizani ya jamii hizi mbili hupishana zaidi ni katika kunena na kunyamaza. Neno "assertive", ambalo hupatikana sana katika matangazo ya kazi, humsifu mtu anayetoa maoni yake na kudai haki yake bila woga wala ujeuri, ingawa mwanamke mwenye mwenendo huohuo aweza kuitwa "bossy", neno ambalo wanaume huitwa kwa nadra. Kijana wa pwani aliyelelewa kutomkatiza mkubwa na kusubiri mpaka aulizwe hujikuta akielezwa kuwa ni "reserved", ambayo ni kauli ya upole kwa mtu asiyejifungua upesi, au "timid", ambayo ni mwoga, au hata "passive", ambayo ni mtu anayengoja mambo yamfikie. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitaja haya, na hata maneno yanayoikaribia hayaifikii, kwa sababu "shy" ni kuwaogopa watu, "shame" ni fedheha inayomfika mtu baada ya kosa, na "modest" ni kutojikweza, wakati haya ni ulinzi unaomzuia mtu kabla hajatenda lisilofaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini katika chumba cha usaili mshindo huo hausikiki.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuumudu msamiati huu hafaidiki kwa kukariri orodha ndefu, bali kwa kuuliza kila neno humpendeza nani, humuudhi nani, na husemwa mhusika akiwapo au akiwa hayupo. Anayeandika barua ya udhamini kwa ajili ya mwenzake afanye vivyo hivyo: akimwita "conscientious", yaani mtu anayetimiza wajibu wake kwa uangalifu hata asipotazamwa, ataje na tendo moja la kulithibitisha, kwa kuwa msomaji wa barua hizo amekwisha kuzisoma sifa tupu nyingi.

Mzazi naye anahitaji uangalifu zaidi anapoipokea ripoti ya shule. Akikuta mwanawe ameandikwa "quiet", hushukuru kwamba mtoto ana adabu na malezi hayakupotea, wakati mwalimu aliyeliandika neno hilo huenda alikuwa akieleza, kwa upole wa Kiingereza, wasiwasi wake kwamba mtoto haongei darasani. Mzazi huyo anafaa kwenda kumuuliza mwalimu alikusudia nini, na katika mazungumzo hayohayo amweleze haya ni kitu gani.