Moshi wa Miombo na Mvua ya Katanga

Msafiri atokaye Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, akielekea kusini mwezi wa Septemba, huliona jua la jioni likiwa jekundu kama shaba ya nchi ile. Rangi hiyo yatokana na moshi. Kando ya barabara yamepangwa magunia ya makala, na nyuma yake nyasi zimekuwa majivu. Lakini miti ya miombo imekwisha kutoa majani mapya mekundu, maana huchipua kabla ya mvua. Wakulima nao wametengeneza mashamba, wakiingojea mvua hiyo.

Moto hauwashwi bure. Mwindaji huchoma ili awaone wanyama, na mwenye ng'ombe ili nyasi mbichi zichipue. Kaskazini ya Zambia, Wabemba hukata matawi, huyarundika na kuyachoma, kisha hupanda ulezi katika majivu. Kilimo hiki huitwa chitemene. Kila mmoja ana sababu yake, lakini moshi wao wote hukutana angani. Picha za setilaiti zaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya ardhi iunguayo duniani kila mwaka imo Afrika.

Je, moshi una uhusiano gani na mvua? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini wingu lina kazi ya kufanya kwanza. Kila kitone cha wingu hujengwa juu ya chembe ndogo ya vumbi, chumvi au moshi, na yapata vitone 1,000,000 lazima viungane ndipo lipatikane tone moja la mvua. Moshi ukizidi, maji yale yale hugawanyika kwa chembe nyingi mno. Vitone huwa vidogo, wala haviungani upesi. Mwaka 2002 wataalamu waliruka kwa ndege katika mawingu yenye moshi huko Amazon, nchini Brazil, wakaona kwamba mvua huchelewa, na wingu likipanda juu sana huweza kuleta radi na mvua ya mawe. Tena masizi hunywa joto la jua huko juu, na ardhi hukosa joto la kuinua mvuke.

Haifai kusema kwamba moshi peke yake huleta ukame. Joto la bahari na pepo vina nguvu zaidi, na moshi mwingi wa nchi hizi hupeperushwa magharibi hadi bahari ya Atlantiki. Hata hivyo, mkulima angojaye mvua ya kwanza hana siku za kupoteza.

Barabara yavuka mpaka wa Kasumbalesa, yapita Chingola na Kitwe, hata Ndola. Huko mwaka 1933, nchi ilipoitwa Rhodesia ya Kaskazini, vipande vya msitu vilitengwa ili kuujaribu moto. Kipande kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kilipoteza karibu miti yote, kikawa nyasi. Kilichochomwa mapema, nyasi zingali na unyevu, kilibaki na miti yake. Kisichochomwa kilisongamana kuwa msitu mnene.

Basi moto wa mwisho wa kiangazi una hasara mbili: huwachafulia mawingu kazi yao, na huua miti irudishayo mvuke hewani. Aliye na lazima ya kuchoma na achome mapema, akiisha kulima ukanda wa kuuzuia moto. Asiye na lazima na ayafukie majani yawe mbolea.